Kilomita tano za Mtwara na jua lisilomsubiri mgeni rasmi

Mbio fupi za barabarani zimeingia Kusini kwa kishindo. Wanaojitokeza kwa mara ya kwanza ni wengi, wanaojua waende mwendo gani ni wachache. Mwandishi wetu alibandika namba kifuani akaenda kujionea.

NI saa moja na dakika ishirini asubuhi, mwezi Novemba, na jua la Mtwara limeshaacha utani. Tumesimama watu mia kadhaa kwenye lami, fulana za rangi moja, namba zimebanwa kifuani kwa pini. Spika inatupigia singeli. Mshereheshaji anatangaza kwa mara ya tatu kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Ratiba ilisema tunaanza saa kumi na mbili na nusu.

Pembeni yangu kuna mama wa makamo niliyemwamkia tangu tulipofika. Amevaa dera juu ya suruali ya mazoezi, na miguuni raba ambazo kwa ukubwa wake lazima ni za mtoto wake wa kiume. Ananigusa bega.

“Mwanangu, hizo kilomita tano ndiyo mpaka wapi?”

Namweleza tunapogeukia.

“Kwenda tu, au na kurudi?”

“Na kurudi, mama.”

Anafikiri kidogo, anakaza mtandio. “Haya. Tutafika.”

Mbio zenyewe sizitaji jina. Zingeweza kuwa mbio zozote za nchi hii, na kosa kubwa nitakalolisimulia ni langu mwenyewe.

Kiburi cha kilomita ya kwanza

Filimbi ilipolia niliondoka kama niliyeibiwa simu. Mbele yangu walikuwa vijana wawili wa klabu ya jogingi, nami nikaona si vibaya nikiwafuata. Kwa dakika tatu nilijiona mtu. Upepo ulikuwa unanipiga usoni, watoto wanashangilia, bodaboda wanapiga honi.

Dakika ya nne kichomi kikanikamata chini ya mbavu za kulia. Nikasimama kwenye kivuli cha mwembe, mikono magotini, nikitazama matone ya jasho yakitua juu ya kamba za viatu. Watu wakaanza kunipita. Kwanza vijana, halafu wazee, halafu kundi la wasichana waliokuwa wakijipiga picha huku wakitembea. Mwisho akaja mama wa dera.

Hakuwa anakimbia hasa. Alikuwa anarusha hatua fupi fupi, visigino haviondoki sana chini, na mdomoni ana wimbo anaouimba kwa sauti ya chini. Akanitupia jicho bila kusimama. “Hujala, mwanangu?”

Nilikuwa nimekula, na ndilo lililonikuta: chapati mbili na konzi ya korosho, saa moja kabla ya muda uliotangazwa. Korosho karibu nusu yake ni mafuta, na mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Ni chakula kizuri cha kula ukishamaliza mbio. Mtu mwenye asili ya mkoa huu alipaswa kulijua hilo kuliko yeyote.

Kila mbio ni marathoni

Neno lenyewe linahitaji kuwekwa sawa. Siku hizi tangazo lolote la watu kukimbia barabarani huitwa marathoni, hata kama wakimbiaji wanarudi nyumbani kabla chai haijapoa. Marathoni ni kilomita 42.195. Umbali huo ulitokana na Olimpiki ya London ya mwaka 1908 na ukafanywa rasmi mwaka 1921. Kilomita tano hazifiki hata sehemu yake ya nane. Lakini ukiwa kijiweni ukasikia mtu amekimbia “marathoni ya tano” unamwelewa, na nadhani kamusi nazo itabidi zimwelewe.

Moshi ndiko wengi walikoonja ladha ya mbio hizi. Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003, na pembeni ya wakimbiaji wa umbali mrefu kukawa na kilomita tano za kujifurahisha, ambako karani wa benki na mwanafunzi wanaweza kupita barabara moja na mabingwa. Baadaye zikaja za Dodoma, Mbeya, Dar es Salaam na Zanzibar. Mtwara nayo ina Korosho Marathon, ya Bodi ya Korosho Tanzania, taasisi ambayo makao yake makuu yako mji huu huu. Nia ni kulitangaza zao, na ni nia inayoeleweka.

Msimu nao unaeleweka. Kuanzia Oktoba korosho zinaokotwa, minada inaanza, na fedha inazunguka kuanzia Newala na Tandahimba mpaka bandarini. Ukitaka mtu wa Mtwara alipie fulana na namba, utamwita msimu huo, si mwezi Machi akiwa anahesabu mihogo.

Tatizo ni kwamba msimu wa fedha ndio msimu wa joto.

> Mtwara jua la Novemba huchomoza kabla ya saa kumi na mbili, zaidi ya dakika 40 kabla ya kuchomoza Kigoma. Saa za mikononi ni zile zile.

Jasho lisilokauka

Nchi yetu inatumia saa moja kuanzia Ziwa Tanganyika hadi Bahari ya Hindi, lakini jua halijui hilo. Mtwara iko karibu na ncha ya mashariki kabisa ya Tanzania. Mwezi Novemba jua hutoka kama saa kumi na mbili kasorobo. Sisi tuliondoka saa moja na nusu, lenyewe likiwa limeshafanya kazi saa nzima na dakika arobaini na tano.

Halafu kuna unyevu. Watu hudhani jasho lenyewe ndilo linalopoza mwili. Kinachopoza ni kukauka kwake juu ya ngozi. Dodoma, mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Hapa linateremka mgongoni mpaka kwenye soksi, mwili unabaki na moto wake, na moyo unalazimika kupiga kwa kasi zaidi kwa mwendo ule ule. Mtu anayekimbia vizuri Dodoma akija Mtwara atapungua bila kujua kwa nini, na anayeanza mbio hapa hapa atajiona mzembe wakati si mzembe.

Kwa hiyo ratiba iliyonakiliwa kutoka bara, yenye hotuba na picha za pamoja mbele, pwani haifai. Julai na Agosti, kusi linapovuma na asubuhi ikawa na baridi ya kutafutia shuka, ungeweza kusubiri mgeni rasmi hata saa mbili ukacheka. Novemba unapoteza watu.

Dalili zinajulikana: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, ngozi kusisimka baridi ilhali jua linawaka. Anayezipata asimame, akae kivulini, amwagiwe maji shingoni na kwapani. Maumivu ya kifua si suala la kuvumilia hata hatua kumi. Na mwenye presha au kisukari, au aliyepita miaka arobaini bila kujua presha yake ni ngapi, apime kabla ya kununua raba. Kipimo cha presha ni dakika chache.

Mchakamchaka ulikuwa sahihi

Wimbo wa yule mama ulinirudia siku mbili baadaye, nikiwa bado nashuka ngazi kwa kuegemea ukuta. Ulikuwa wimbo wa mchakamchaka.

Kila aliyesoma shule ya msingi ya Tanzania anaujua. Alfajiri, kabla ya usafi na kabla ya darasa, mistari miwili, kiranja mwenye sauti anaanzisha, wengine wanaitikia, miguu inagonga chini pamoja. Waliopita JKT wameukimbia mpaka ndotoni. Tuliuchukia kwa sababu ulikuwa lazima, na kwa sababu anayechelewa alijua kinachomsubiri.

Lakini tazama ulivyokuwa umetengenezwa. Huwezi kuitikia kiitikio kama umeishiwa pumzi. Kundi lote linabanwa na mwendo wa wimbo, na wimbo hauendi mbio. Mwenye kasi hawezi kuchomoka, na mnyonge habaki nyuma sana. Makocha wa leo wana kipimo chao wanachokifundisha dunia nzima, kwamba anayeanza aende mwendo ambao bado anaweza kuongea sentensi nzima. Sisi tulikuwa tukiimba beti kadhaa, tena kwa sauti ya kuamsha kijiji.

Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Josh Clark, alitunga mpango wa wiki tisa wa kumtoa mtu kwenye kochi mpaka kilomita tano. Wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki. Hakuna zaidi. Mamilioni ya watu wameutumia. Ukiupeleka kwa mwalimu yeyote wa michezo aliyestaafu Masasi au Nanyamba atakwambia anaujua, ila yeye hakuwa na saa ya sekunde, alikuwa na wimbo.

Kosa la wengi wetu tunaoanza ni kwamba tukisikia neno “mbio” tunakumbuka mashindano ya mita mia, siku ya michezo, na zawadi ya daftari. Miguu inatuondosha kwa kasi ile. Kilomita tano si mita mia iliyorefushwa. Joshua Cheptegei wa Uganda alizikimbia uwanjani Monaco mwaka 2020 kwa dakika 12 na sekunde 35, rekodi ya dunia, lakini mtu anayeanza atatumia dakika 35 mpaka 45, na huo ni muda mzuri kabisa. Wakati huo Cheptegei ameshaoga.

> Ukishindwa kuitikia kiitikio, punguza mwendo. Ndivyo tulivyofundishwa darasa la kwanza.

Mchanga wa Msimbati, lami ya Mikindani

Pa kufanyia mazoezi hapakosekani. Barabara za Shangani alfajiri ni tulivu na bahari iko hapo hapo. Barabara ya Mikindani ina urefu wa kama kilomita kumi kutoka mjini, lakini malori yanaiheshimu kuliko yanavyomheshimu mkimbiaji. Ukimbie ukiyatazama yanapokuja, usiyape mgongo.

Wenye bahati ya usafiri huenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Huko ufukwe ni mrefu, na maji yakipwa mchanga hubaki mgumu kiasi cha kupitisha gari. Kukimbia juu yake ni raha. Mtego upo: ufukwe umeinama kuelekea baharini, na ukienda upande mmoja tu mguu wa chini unachoka na goti linalalamika. Nenda na urudi, uwe umeigawia miguu yote mzigo. Saa ya kwenda waulize wavuvi. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kuelekea saa nne asubuhi, na saa nne si muda wa mtu anayeanza kuwa juani.

Viatu havihitaji kuwa vipya. Raba nyingi za mitumba sokoni zina maisha, ila ukichagua ikunje. Ikijikunjia vidoleni, nzuri. Ikijikunjia katikati kama chapati, iache. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Iliyogeuka jiwe imekwisha hata kama rangi bado inang'aa. Na usivae kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Chakula cha jioni iliyotangulia kiwe kile kile unachokula kila siku, ugali na samaki wako, ming'oko kama ndiyo kawaida yako. Asubuhi uji au kipande cha muhogo, saa mbili kabla. Ramadhani wengi hufanya mazoezi karibu na magharibi ili futari iwe jirani, na hilo ni jambo la busara mradi mwendo uwe wa kutembea zaidi ya kukimbia.

Dera, suruali na kivuli cha mwaka 1968

Uwanja mkuu wa mji huu unabeba jina la Lawi Nangwanda Sijaona, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere na kiongozi wa Umoja wa Vijana wa TANU. Umoja huo ndio uliotangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Nilikuwa nikilifikiria hilo nilipowatazama wanawake waliojitokeza siku ile: wenye hijabu, wenye dera juu ya suruali, wenye taiti na fulana, wote barabara moja.

Mjadala wa mavazi haujafa. Wako wazee wanaosema waziwazi kwamba mwanamke kukimbia barabarani na nguo ya kubana si heshima. Wako wasichana wanaojibu kwamba wakivaa dera wanazomewa vilevile. Nilichokiona mimi ni kwamba kuzomewa hakutokani na nguo. Mwanamke akikimbia peke yake saa kumi na moja alfajiri anaulizwa anamkimbia nani. Wakiwa ishirini hawaulizwi kitu. Hapo ndipo klabu ya jogingi inapokuwa na maana kuliko fulana yake.

Kitaifa jambo limeanza kutazamwa. Tangu 2017 kuna Ladies First, mashindano ya riadha ya wanawake yanayoungwa mkono na shirika la Kijapani JICA, na Juma Ikangaa, bingwa wa New York wa mwaka 1989, amekuwa mmoja wa sura zake. Mtwara haihitaji kusubiri Dar es Salaam. Inahitaji mama ishirini na mahali pa kukutania.

“Mbio za fulana”

Ugomvi mkubwa uko kwingine. Wapenzi wa riadha, hasa walimu wa michezo, hawazipendi mbio hizi. Wanaziita mbio za fulana. Hoja yao: ada ni makumi ya maelfu ya shilingi, anayelipa ni mfanyakazi wa ofisini, anakimbia mara moja kwa mwaka, na kijana mwenye kipaji anabaki pembeni akitazama. Wanauliza Simbu wa Kusini atatoka wapi.

Hoja ina uzito. Septemba 15, 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa saa 2:09:48, muda ule ule wa Mjerumani Amanal Petros, ikabidi picha iamue. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Simbu ni wa Singida. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, na John Stephen Akhwari wa Olimpiki ya Mexico 1968 ni watu wa nyanda za kaskazini. Kusini tumetoa rais, tumetoa korosho, tumetoa gesi. Mkimbiaji wa kiwango hicho bado.

Na watoto wa kukimbia wapo. Mwaka 2019 na 2021 Mtwara ilipokea mashindano ya taifa ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, na wakazi waliona kasi kwa macho yao.

Upande wa pili unajibu kwamba mbio za watu wazima wenye vitambi hazikuundwa kutafuta bingwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mbio moja ikimfanya karani aanze kutembea jioni imeshalipa. Mwaka 2004 huko Bushy Park, London, Paul Sinton-Hewitt alianza na wakimbiaji 13, kilomita tano, kila Jumamosi, bila ada. Leo utaratibu ule uko nchi nyingi, na wanaofika mwisho hupigiwa makofi kama wa kwanza. (Sisi kwa wa mwisho hupenda kumtaja Akhwari. Tumwache mzee apumzike. Alikuwa mwanariadha wa taifa aliyeumia goti katikati ya marathoni, si mtu aliyekula chapati.)

Mimi nawaelewa wote wawili, ila kuna kitu nilikiona kilichonisogeza upande wa walimu. Kuanzia tulipogeukia, mvulana wa kama miaka kumi na miwili alijiunga nasi, kaptula ya shule, ndala mkononi, pekupeku kwenye lami iliyoanza kuchoma. Alinipita nikiwa natembea, akageuka akanicheka, akaenda. Nilipofika mwisho nilimkuta kwenye meza ya medali anaelezwa kwamba hana namba. Hakubisha. Alivaa ndala zake akaondoka.

Mimi nilikuwa na namba. Medali yangu iko ukutani, na muda wangu ni dakika 47. Mama wa dera alikuwa ameshakaa kivulini na chupa ya maji, raba za mwanawe kazivua, anapepea nyayo.

Wenye kuandaa mbio za Kusini, maombi ni mawili. Tengeni namba za bure kwa watoto wa shule, hata hamsini tu. Na mwezi Novemba kilomita tano zianze saa kumi na moja na nusu, kukiwa kumekucha na jua bado liko chini ya bahari. Mgeni rasmi atakuta watu wamefika, awavishe medali; filimbi apewe mwalimu wa michezo.